Kaka yangu wa Morogoro, usilipie hiyo tiketi ya Roma leo

Kaka yangu habari za Moro, kwanza hongereni wewe na wifi kwa kufikisha miaka kumi ya ndoa, sio jambo dogo, na wazo la kwenda kushukuru Roma nimelipenda sana. Ili na wengine wafuate, swali lako kwa kifupi lilikuwa hivi: una duka la vifaa vya ujenzi, wifi ni nesi, mmejichanga na mna siku saba tu za kuwa nje, mnataka Roma mkasali Vatikani halafu mpitie Paris na Barcelona, na kila ukifungua simu bei ya tiketi imebadilika, rafiki yako kakwambia ukitafuta saa nane usiku kwenye ile hali ya siri ya brauza ndo bei inashuka, na kuna moja umeiona ina bei nzuri unataka uilipie leo leo kabla haijapaa.

Usilipie leo.

Mi nimekaa dawati la tiketi hapa Dar miaka kumi na nne, na watu waliowahi kulia mbele ya hilo dawati karibu wote hawakulia kwa sababu tiketi ilikuwa ghali, walilia kwa sababu walinunua tiketi rahisi kabla ya viza. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi hela yake hairudi, unaweza kurudishiwa kodi kidogo tu baada ya kusumbuka miezi, sasa viza ikichelewa wiki moja, au ikakataliwa, ile nafuu uliyoikimbilia imekula mtaji wa duka. Na cha kusikitisha ni kwamba wanaoshughulikia viza hawakulazimishi uwe umeshalipa, wanachotaka kuona ni mpango wa safari unaoeleweka na nafasi uliyoshikiwa ya kwenda na kurudi, ile tunayoita buking, na hiyo wakala yeyote wa kweli anakutolea bila wewe kulipa nauli nzima. Kwaiyo mpangilio wako uwe tarehe kwanza, viza ya pili, tiketi ndo inafuata. Ukiuvuruga huo mpangilio hakuna ujanja wa intaneti utakaokuokoa.

Tuanze na tarehe, maana hapa ndo kwenye hela yenyewe kuliko sehemu nyingine yoyote. Umeniambia kumbukumbu ya ndoa ni Desemba mwishoni na mnataka muwe Roma siku hiyo. Naelewa, ila fikiria ndege zinavyojaa: watalii wanakuja huku kwa wingi Julai, Agosti na kipindi cha Krismasi, halafu wiki mbili za mwanzo wa Januari wote wanarudi kwao, pamoja na ndugu zetu wanaoishi nje waliokuja kusalimia, na ninyi mtakuwa mnagombania viti na watu hao. Mkisogeza mkaenda katikati ya Januari hadi Februari, au wiki tatu za mwanzo za Novemba, ndege ina viti na hoteli za Roma zinashusha. Pasaka ndo usiiguse kabisa kama unaangalia bajeti, najua kwa Mkatoliki Roma wakati wa Pasaka ni ndoto, lakini ni wakati ambao dunia nzima ina ndoto hiyo hiyo na chumba kile kile kinapanda vibaya sana. Mi ningekuwa ninyi ningeenda Februari, baridi ipo, asubuhi inaweza kufika nyuzi 3 au 4, ila koti zito la mtumba mnalipata kwa hela ndogo, na foleni mtakazokuta sio zile za kiangazi za kusimama juani masaa. Wifi aombe likizo yake mapema kabla hamjagusa kitu kingine.

Sasa hii ya bei kubadilika. Kaka sio simu yako inayokuonea, wala sio saa nane usiku. Ndani ya daraja la kawaida la ndege moja hakuna bei moja, kuna vifungu vya bei vingi, kila kifungu kina herufi yake, shirika linaweka viti kadhaa kwenye herufi ya chini kabisa, hivyo vikiisha mfumo unakupandisha herufi inayofuata, na kiti ni kile kile na chakula ni kile kile. Mtu wa Mwanza akinunua sasa hivi kiti cha mwisho cha herufi ya chini, wewe wa Moro ukifungua baada ya dakika tano unakuta imepanda. Na inashuka pia, kwa sababu sisi mawakala tunawashikia watu nafasi, mtu asipolipa muda ukiisha kile kiti kinarudi kwenye mfumo na bei ya chini inatokea tena. Ndo maana rafiki yako alipotafuta usiku wa manane siku moja ikashuka akaamini ni ule usiku. Brauza ya siri haina dhambi, itumie ukitaka, ila usikae macho kwa ajili hiyo.

Ila kuna kitu kimoja kwenye hizi herufi ambacho watu wawili kama ninyi kinawagusa moja kwa moja na wengi hawakijui. Mwaka jana alikaa mbele yangu baba mmoja na mkewe, kajitafutia mwenyewe kwenye simu, watu wawili, bei imetoka kubwa na kakasirika. Nikamwambia hebu tafuta tena tarehe hizo hizo ila weka mtu mmoja. Bei ikashuka kwa kama dola tisini. Ni kwamba herufi ya chini ilikuwa imebaki na kiti kimoja tu, na mfumo ukiombwa viti viwili kwa pamoja unatafuta herufi yenye viti viwili, kwaiyo unawapandisha wote wawili. Tukakata mmoja kwa bei ya chini, mwingine kwa bei ya juu yake, na hela iliyobaki ikawa usiku mzima wa hoteli. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa na namba mbili za buking, inabidi uwaambie shirika waziunganishe kwenye kumbukumbu zao ili ratiba ikibadilika msitenganishwe, lakini hiyo ni simu moja tu. Kwaiyo kila mkitafuta, tafuteni kwa mmoja kisha kwa wawili.

Kutafuta kwenyewe tumia Google Flights au Skyscanner, fungua ile kalenda inayoonyesha bei za mwezi mzima, uone ukiondoka Jumanne na kurudi Jumatano inakuwaje ukilinganisha na Ijumaa na Jumapili, halafu weka ule ujumbe wa kukutaarifu bei ikibadilika. Ila hizo ni za kuangalia tu. Kununua nunua kwenye tovuti ya shirika lenyewe au kwa wakala mwenye ofisi unayoweza kuingia mkagombana, na ukishalipa dai namba ya tiketi, yaani sio ile ya herufi na tarakimu sita, hiyo ni ya buking tu na mtu anaweza kukupa bila kukulipia chochote. Tiketi iliyolipwa ina tarakimu 13. Ingia kwenye tovuti ya shirika, weka jina lako la ukoo na ile namba ya buking, ujione mwenyewe kwamba upo. Watu wanalizwa sana hapa, na anayelizwa anakuja kugundua kaunta ya Terminal 3 pale uwanja wa ndege wa Dar akiwa na mabegi.

Njia zipo nyingi. Kutoka Dar unaweza kwenda Roma kwa kupitia Addis Ababa, Istanbul, Doha, Dubai, Cairo au Amsterdam, na kwa sababu mashirika yanagombania abiria mmoja huyo huyo inakulipa kulinganisha yote. Angalia na Nairobi pia, pana mashirika mengi zaidi yanayokwenda Ulaya na siku nyingine tofauti ni kubwa, ila ukitoa nauli ya kufika Nairobi, chakula, usiku mmoja wa kulala na uchovu wa wifi, tofauti ya dola hamsini sio nafuu tena, mi nashauri Nairobi ikishakuokolea kuanzia dola mia mbili kwa mtu mmoja. Wewe una bahati ya SGR, Moro hadi Dar chini ya masaa mawili, itumie hiyo, shukeni Dar asubuhi mpumzike kwa ndugu kabla ya ndege ya usiku. Kuhusu London, wateja wangu wenye pasi ya Tanzania siwapitishi huko kwenda Roma, Uingereza wana mambo yao ya viza ya kupita na haikuhusu safari yako.

Na nakuomba sana, usinunue tiketi mbili tofauti ukaziunganisha mwenyewe. Nafahamu inavyovutia, unaona ya kwanza rahisi hadi mji fulani, halafu ya pili rahisi zaidi kutoka pale hadi Roma. Mi mwenyewe 2017, nikiwa na uzoefu wote huu, nilifanya hivyo kwenda kwenye harusi ya binamu yangu. Ndege ya kwanza ilichelewa saa moja na nusu, na kwa kuwa tiketi hazikuwa zimeungana begi langu halikuhamishiwa ndege ya pili, ilibidi nitoke nje nilichukue, nipange foleni ya kuingia upya, nikafika kaunta imefungwa dakika arobaini zilizopita. Shirika la pili halikuwa na deni na mimi na la kwanza lilinifikisha lilikoahidi. Nililipa tiketi mpya ya siku ile ile, bei yake ilizidi safari nzima, na harusi nilikuta watu wanakula keki. Kwenye miji mingine hata huo mlango wa kutoka kuchukua begi unahitaji viza. Tiketi iwe moja kutoka Dar hadi Roma, hapo ndege ikichelewa ni kazi yao kukufikisha. Na kama kurudi kutoka Roma ndege ikachelewa zaidi ya masaa matatu kwa uzembe wao, kuna sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inayokupa fidia hadi euro 600 kwa safari ndefu kama hii, bila kujali shirika ni la Afrika au la Ulaya mradi umeondokea huko, kwaiyo tunza karatasi zote za kupandia ndege.

Nije kwenye hiyo miji mitatu. Kaka, nakuambia kama dada yako, achana na Paris na Barcelona kwa safari hii. Siku saba sio siku saba, mtatua mmechoka na siku ya mwisho mnawaza begi, zinabaki tano. Ukizigawa kwa miji mitatu kila kuhama kunakula nusu siku, na zile ndege za euro 19 unazoziona kwenye matangazo hebu zihesabu vizuri: euro 19 ni wewe na kibegi cha kuingia chini ya kiti, Ryanair na Wizz Air vipimo ni sentimita 40 kwa 30 kwa 20, hicho ni kibegi cha mtoto wa shule ya msingi, ninyi mna mabegi mawili ya wiki nzima na makoti, kila begi linalipiwa kivyake na unaweza kukuta linalingana na nauli au linaizidi. Halafu inayoandikwa Paris inaweza kutua Beauvais, kilomita kama 85 kutoka Paris yenyewe, basi la zaidi ya saa nzima na nauli yake juu. Na kila mji ni hoteli mpya na njia mpya za kupotea. Hela ya kuhama mara mbili inawalisha Roma siku zote tano, tena vizuri.

Kuna na hili la viza. Sheria ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inasema unaomba kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, zikilingana ndo unaomba kwa ile unayoingilia, sasa ukigawa siku mbili mbili kwa nchi tatu anayesoma fomu yako anajiuliza huyu anaenda wapi hasa. Roma tu inaeleweka: wanandoa, miaka kumi, hija fupi, duka na kazi vinawasubiri nyumbani. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na hairudi hata wakikataa, bima ya safari iwe ya euro 30,000 kwenda juu, pasi iwe na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka huko na kurasa mbili wazi. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla hadi siku 15 kabla, ila wana haki ya kuchukua hadi siku 45, kwaiyo kama mnaondoka Februari katikati fomu ziwe zimeingia Novemba mwanzoni. Hapo viza inatoka mwishoni mwa Novemba au Desemba na bado mna muda mzuri wa kukata tiketi bei ikiwa haijachacha. Taarifa ya benki iwe ya duka linavyotembea kweli, mauzo yanaingia, mzigo unalipwa, tafadhali usiazime milioni kumi kwa mtu uziweke wiki moja kabla, hilo wanaliona kwa haraka kuliko kitu kingine. Weka leseni ya biashara, karatasi ya TRA, barua ya likizo ya wifi kutoka hospitalini, cheti cha ndoa. Barua ya paroko ikiwepo haidhuru.

Ukipitia Amsterdam au mji mwingine wa Schengen, ukaguzi wa pasi mnafanyiwa pale pale kwenye kubadilisha ndege, sio Roma, na tangu Oktoba 2025 wameanza mfumo mpya wa kuchukua picha na alama za vidole mpakani, foleni zinaweza kuwa ndefu, msikubali tiketi yenye saa moja tu ya kuunganisha. Masaa mawili na nusu kwenda juu. Ukipitia Istanbul au Addis ukaguzi ni Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, mkishafika na hakuna ndege ya kukimbilia tena.

Fiumicino ndo uwanja wenyewe. Wote mtaona treni inaitwa Leonardo Express, euro 14 kila mmoja, dakika 32 hadi stesheni ya Termini. Kwenye uwanja huo huo kuna treni ya kawaida, FL1, euro 8, haiendi Termini ila inasimama Trastevere, Ostiense na Tiburtina, na ukichagua malazi kwa kuangalia hizo stesheni umeokoa hela kwenda na kurudi. Tiketi ya metro au basi ni euro 1.50 na ya basi inadumu dakika 100.

Malazi kwa ninyi nina ushauri mmoja ambao nawapa Wakatoliki wote: nyumba za masista. Roma imejaa nyumba za mashirika ya kitawa zinazopokea wageni, chumba ni cha kawaida, kitanda, msalaba ukutani, bafu, usafi wa kupitiliza, kifungua kinywa mara nyingi kipo, na bei mara nyingi iko chini ya hoteli ya karibu yake. Nyingi zina saa ya kufunga geti usiku na vitanda vinaweza kuwa viwili vya mtu mmoja mmoja, uliza mapema kama wana chumba cha wanandoa. Juu ya bei kuna kodi ya jiji kwa kila mtu kila usiku, inalipwa pale pale, msishtuke.

Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure, foleni ni ya ukaguzi wa usalama tu, fikeni saa moja asubuhi. Katekesi ya Baba Mtakatifu Jumatano ni bure pia, akiwepo Roma, tiketi mnazichukua jana yake mchana kuanzia saa tisa kwa wale askari wa Uswisi kwenye Mlango wa Shaba, na yeyote atakayetaka kuwauzia hiyo tiketi mkatae. Jumapili saa sita mchana kuna sala ya Malaika wa Bwana pale uwanja wa Mtakatifu Petro, hiyo haina hata tiketi. Makumbusho ya Vatikani ni euro 20 na 5 za kubuku mtandaoni, Jumapili ya mwisho wa mwezi ni bure ila umati wake mi siupendi, ningelipa. Koloseo, ule uwanja wa kale wa Warumi, euro 18 pamoja na magofu ya pembeni yake, tiketi inaandikwa jina lako na mlangoni wanataka pasi, nunueni mtandaoni kabla. Maji msinunue: mji mzima una mabomba ya chuma mitaani yanayotiririka usiku na mchana, kama 2,500 hivi, maji baridi na safi, bebeni chupa tupu. Kahawa nyweeni mmesimama kaunta kama Warumi wenyewe, mkikaa mezani bei nyingine. Mchana kuna pizza inayokatwa kwa kupimwa kilo, mnaonyesha kwa mkono mnataka kipande kikubwa kiasi gani. Wifi akimiss ndizi na mihogo, soko la Esquilino karibu na Termini linavyo.

Na kama roho bado inataka mji wa pili, pandeni treni ya mkoa mwende Assisi kwa Mtakatifu Fransisko, ni masaa mawili na kidogo, nauli ya treni hizo haipandi hata ukinunua asubuhi ile ile, mnarudi jioni kitanda kile kile.

Mwambie wifi abebe khanga mbili kwenye pochi, sio begi kubwa, pochi. Makanisa yote makubwa wanakuzuia mlangoni mabega au magoti yakiwa wazi, na pale nje wachuuzi wanauza mitandio ya karatasi kwa bei ya kitenge. Khanga moja ya mabega, ya pili mtaitandika kwenye ngazi mkila ile pizza. Ukishapata tarehe ya likizo ya wifi niandikie, nikushikie nafasi ya kupeleka kwenye viza.